Maji ya Samaki wa Tomaso

Umekunywa maji ya wapi leo asubuhi? Usigeuze uso, swali ni lako. Kama hujui yalikotoka, hali yako haina tofauti na ya watu wa senta moja ya machimbo upande wa Tarime, mwaka ule wa 2011 bei ya dhahabu ilipopanda hadi walimu wakatupa chaki na vijana wakaacha ng'ombe porini. Wao hawakujua walichokuwa wakinywa. Aliyekuja kujua alikuwa mlisha samaki.

Thadeo alizaliwa Kenyamonta, akachunga Kenyamonta, akaoa Kenyamonta, na kwa miaka kumi na tisa akawa mtu wa josho hapo hapo Kenyamonta. Asiyejua josho ajue hivi: ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anarukia upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili akikohoa na kung'aa. Kazi ya Thadeo ilikuwa kupima. Alikuwa na ufito aliouchonga alama kwa kisu. Maji yakishuka alama moja, aliongeza madebe ya maji na vipimo vya dawa, akaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Ukizidisha dawa ngozi zinaungua na ndama wanakufa. Ukipunguza, kupe wananenepa. Miaka kumi na tisa, na hakuua ndama hata mmoja.

Kisha pampu ya josho ikaungua. Wakubwa wakaja na gari, wakatazama, wakaahidi, wakaondoka. Wakaja tena, wakaahidi tena. Nyasi zikaota ndani ya mfereji hadi mbuzi wakawa wanashuka kulisha humo. Mtu aliyejua kupima dawa kuliko yeyote kati ya Kenyamonta na Mto Mara akabaki kuuza kuku mmoja mmoja.

Binti yake Rose ndiye aliyemwita ng'ambo ya mto. Alikuwa ameolewa na mchimbaji, akiishi pale senta.

"Baba, kuna tajiri anatafuta mtu wa kutunza samaki," alimwambia kwa simu.

"Samaki wa bwawa gani?"

"Wa kwenye kioo. Ndani ya hoteli."

"Wanafugwa waliwe?"

"Waangaliwe."

Thadeo alicheka hadi akakaa chini. Wiki iliyofuata alivuka mto na begi moja na ufito wake wa josho.

Tajiri mwenyewe aliitwa Tomaso, mnunuzi wa dhahabu, umri wa kuzaliwa na Thadeo kabisa, lakini hakumpa shikamoo hata siku moja. Alikuwa amejenga hoteli ya ghorofa mbili yenye vioo vya buluu katikati ya vibanda vya mabati. Mapokezi aliweka akwariamu, tangi la kioo la lita mia nne, refu kama jeneza la mtu mrefu. Hakutaka changarawe za rangi na meli ya plastiki. Alitaka msitu: mimea hai ya majini, ya majani mapana, ya majani kama nywele, na ya majani marefu kama utepe, na samaki wadogo wekundu na buluu wakipita katikati. Wanunuzi wenzake wakitoka mbali wakae kwenye makochi, watazame, waseme huyu mtu amefika.

Ila msitu wenyewe ulikuwa unaoza. Majani yalikuwa ya njano, na kila tawi lilikuwa limeota ukoga mweusi kama ndevu.

Aliyeleta tiba alikuwa Okal, Mjaluo mwenye duka la vipuri pale senta. Binamu zake walikuwa ng'ambo ya mpaka, na mmoja wao aliagiza chupa Nairobi, ikaja na basi hadi Sirari.

"Hii ndiyo kaboni ya maji, omera," Okal alisema, akimwita ndugu kama kwao wanavyoitana. Aliiweka chupa mezani kama mtu anayeweka bunduki. "Mti wa nje unavuta hewa, unajenga mwili. Huu wa majini hewa hiyo haiupati ya kutosha. Sasa unaupatia hii kwa chupa."

"Mti unakula mvua na jua," Thadeo alisema.

"Na hewa. Ulifundishwa hiyo shuleni, ukalala."

"Nililala wapi? Mimi niliishia la nne."

"Basi hiyo somo ilikuwa ya la tano." Okal akacheka, kisha akaacha. "Lakini usinuse, mzee wangu. Binamu anasema hospitali wanatakasia vyombo kwa dawa ya ukoo huo huo. Vaa glavu."

Thadeo akaenda kuomba glavu.

"Wewe uliyekuwa unaogelea na kupe unaogopa kichupa?" Tomaso alimjibu mbele ya wageni, na wageni wakacheka. Mtu mwenye mizani ya dhahabu chumbani akashindwa na glavu! Thadeo akavaa mifuko ya mkate mikononi, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akaanza kazi.

Na kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la mtu wa josho. Karatasi ya chupa ilisema kila siku mililita moja kwa lita arobaini za maji. Thadeo akapiga hesabu vizuri: kumi kwa siku, sabini kwa wiki. Lakini kwao dawa hutiwa siku ya kuogesha, na siku ya kuogesha ni Alhamisi. Dawa ya josho ikishaingia majini inakaa, inasubiri ng'ombe. Kwa nini ahangaike kila siku? Alhamisi ile akavuta sabini zote kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, akazitia kwa mara moja.

Baada ya nusu saa samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema kama mbuzi aliyekimbizwa na fisi. Thadeo alichota maji kwa ndoo akamwaga nje, akatia mapya, akachota tena, bila kupumzika, huku wahudumu wakimtazama. Watatu walikufa. Alikwenda mwenyewe kwa Tomaso kusema, "Nimekosea kipimo." Hakusingizia mtu wala umeme.

Alichojifunza siku hiyo alikiandika kwa herufi kubwa: dawa hii haikai. Ikiingia asubuhi, kesho yake nguvu zimekwisha, ndiyo maana hutiwa kidogo kidogo. Tangu hapo kila siku saa moja, taa ya tangi inapowashwa, alitia mililita kumi, hakuzidisha hata tone. Baada ya wiki mbili zile ndevu nyeusi zikageuka nyekundu, kisha nyeupe, kisha konokono wakazila. Mimea ya utepe ilikataa, ikayeyuka kama sabuni, naye akaandika: huu haupatani na dawa, usirudishwe. Mingine ikafumuka. Saa za mchana majani yalitoa vipovu vidogo vidogo vya hewa vilivyopanda juu kama uzi wa shanga, na wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope wakawa wanasimama dirishani kuona msitu ulio ndani ya maji. Tomaso akawaambia wageni kuwa mtaalamu wake amesomea.

Maji ya tangi yalitoka kwenye kisima cha hoteli. Kisima hicho hicho kilikuwa na bomba lililokwenda barabarani kwenye kioski, ambako Tomaso aliwauzia watu, kwa kuwa senta nzima haikuwa na maji mengine karibu. Aliyekaa kioski akifungua na kufunga koki alikuwa Rose. Thadeo mwenyewe ndiye aliyembembeleza Tomaso ampe kazi hiyo, maana Rose alikuwa na mimba, na kukaa kwenye kivuli cha kioski ni afadhali kuliko kuponda mawe juani. Alikunywa hapo, alipika kwa maji ya hapo. Mimba ilikuwa ya miezi mitano.

Machi ilipoingia, Tomaso akaona kununua dhahabu hakutoshi. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao wachimbaji huuita marudio, bado una dhahabu ndani yake, na dhahabu hiyo hutolewa kwa kuloweka mchanga kwenye maji ya sayanaidi. Sumu, tena ya kuua mtu. Akajenga matangi matatu ya kuloweka. Unadhani aliyajenga wapi? Bonde lote lile, pori lote lile, na yeye akayaweka kwenye mwinuko nyuma ya hoteli yake, hatua mia mbili hazifiki juu ya kisima! Alikuwa anataka kuyaona akiwa dirishani kwake. Bwawa la maji machafu akalitandika turubai, turubai lenyewe lina viraka. Watu walipita wakaona. Viongozi walipita wakaona, wakanywa soda baridi mapokezi, wakasifu samaki.

Mvua za masika zikaanza kunyesha.

Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa ya Ijumaa, Thadeo alibadilisha theluthi ya maji kama kila Jumamosi, akatia kaboni yake, mililita kumi, akaandika. Kabla hajamaliza kukausha sakafu, samaki wakaanza kuzunguka kama walevi. Hawakupanda juu kuhema polepole kama Alhamisi ile. Walijipiga kwenye kioo, wakapinduka, wakashuka. Saa nne asubuhi zaidi ya arobaini walikuwa wamelala juu ya changarawe, na mimea juu yao imesimama kijani kama kawaida.

Tomaso alishuka ngazi akiwa na mgeni kutoka Mwanza.

"Umetia dawa ya Alhamisi tena!" alipiga kelele.

"Hapana, bosi. Tazama daftari. Kumi, kumi, kumi. Leo kumi."

"Karatasi inafufua samaki?" Alilinyakua daftari akalirusha kwenye sakafu yenye maji. "Nilichukua mtu porini nikamvika shati, ona sasa. Mpaka jioni uwe umeniambia sababu nyingine, ama urudi kwenu ukaogeshe nyani."

Thadeo aliliokota, akalifuta kwa shati lake. Mtu anaweza kukunyima glavu, anaweza kukunyima shikamoo. Lakini kukuambia umeongopa kwenye kipimo, wewe uliyepima miaka kumi na tisa!

Samaki wanane walikuwa bado hai. Aliwatoa kwa wavu, akawaweka wanne wanne kwenye mabeseni mawili uani. Beseni la kwanza alitia maji ya mvua aliyokinga kwenye bati jana yake, na kaboni kwa kipimo chake. Beseni la pili alitia maji ya kisima matupu, bila tone la dawa. Akachutama katikati yake kama anavyochutama mtu anayesubiri ng'ombe azae.

Wa maji ya mvua waliogelea. Wa maji ya kisima walizunguka, wakapinduka, wakafa wote wanne, na chai ya wapishi jikoni ilikuwa bado haijachemka.

Hapo ndipo alipomkumbuka binti yake. Wiki mbili nzima Rose alikuwa akilalamika kichwa. Kichwa na kizunguzungu, na Thadeo mwenyewe, baba mtu, alimwambia ni mimba, anywe maji mengi.

Alibeba beseni la pili hadi ofisini kwa Tomaso, akaliweka juu ya meza, karibu na mizani.

"Sababu nyingine ndiyo hii," alisema. "Ni kisima. Matangi yako yanavuja."

Tomaso aliangalia samaki, na aliposimama hakuwa anabisha tena. Alichungulia dirishani akamwita Oduol, dereva wake wa boza.

"Kesho asubuhi nenda Tarime mjini, ulete boza zima la maji safi. Alfajiri uwe barabarani. Kuanzia kesho samaki hawagusi maji ya kisima hiki."

Thadeo alinyoosha kidole barabarani.

"Na kioski, bosi?"

"Kioski kimefanya nini?"

"Watu wanakunywa yale maji."

"Watu si samaki, mzee." Tomaso sasa alikuwa ametulia kabisa, karibu anatabasamu. "Wewe mtu wa dawa, hujui mambo ya uzito? Dozi inayoua kuku, ng'ombe anaijua? Mtu ana kilo sabini. Atakojoa, yataisha. Nitaziba turubai wiki ijayo."

"Ndama aliye tumboni ana kilo ngapi?"

Tabasamu likaondoka. "Rose ni mfanyakazi wangu, na wewe ni mfanyakazi wangu. Mdomo wako ukitoka nje ya geti hili, mnaondoka wote wawili, na kwenye senta hii hakuna atakayewapa hata kazi ya kufagia. Peleka hilo beseni."

Tafakari jambo hili hadi likuchome. Ushahidi ulipelekwa mezani, ukaeleweka, ukakubaliwa, na hatua ikachukuliwa siku hiyo hiyo, bila kikao, bila mchakato. Kwa ajili ya samaki.

Thadeo alilipeleka beseni. Alilipeleka moja kwa moja nje ya geti hadi kioski, saa kumi jioni, foleni ya ndoo na madumu ikiwa imefika kwenye duka la Okal.

"Rose, funga koki."

"Baba?"

"Funga. Maji yana sumu ya marudio. Hawa wamekufa mbele ya macho yangu."

Rose alitazama beseni, akatazama geti la hoteli, akainama kwenye dirisha la kioski. "Baba, punguza sauti, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nasema!"

"Uliniombea kazi hii mwenyewe. Mume wangu hajatoa kitu shimoni, huu mwezi wa pili sasa. Leo nifunge, kesho tule nini?"

Aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa Waisiko, mama wa makamo aliyepikia wachimbaji ugali. Alilisogelea beseni, akamgusa samaki mmoja kwa kidole.

"Mzee wa samaki leo amekuwa daktari wa watu," alisema, na foleni ikaangua kicheko. "Hawa wa kizungu, ukikohoa tu wanakufa. Ulitia ile kaboni yako, si tunajua? Ile Alhamisi tulisikia."

"Hawa hawakutiwa kitu. Maji ya kisima tu."

"Sogea bwana, tupike."

Hasira ya Thadeo ikawageukia hata wao. Aliwatazama watu aliokuja kuwaokoa wakimsukuma na madumu, akatamani kwenda zake. Hata hivyo alipanda juu ya jiwe la kuwekea ndoo akasema kwa sauti aliyokuwa akiitia ng'ombe.

"Msiniamini mimi! Mimi ni mtu wa kupe! Lakini kesho saa mbili asubuhi litaingia boza hapa, limetoka Tarime mjini, limejaa maji safi. Muulizeni dereva ni maji ya nani. Mkimaliza kumuuliza, mrudi mniite mwongo."

Waisiko hakucheka tena. Lakini alikinga ndoo yake, kwa maana wachimbaji wangerudi na njaa. Waliofuata wakakinga. Rose alifungua koki na kufunga, akafungua na kufunga, bila kumtazama baba yake. Thadeo aliyamwaga yaliyokuwa ndani ya beseni kwenye shimo la taka, akaenda kwenye chumba alichopanga pale senta kufunga begi.

Asubuhi yake alitoka na begi mkononi, kwa maana mlinzi alikwisha kuambiwa asimruhusu kuingia hotelini. Alifika barabarani boza likiwa linakata kona kuingia senta. Kioski kilikuwa kimefungwa. Koki ilikuwa imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli, na Rose amekaa mbele yake juu ya dumu tupu, tumbo mbele, mikono kifuani. Foleni ilikuwepo, ndefu kuliko ya jana. Ilikuwa imekipa kioski mgongo na kukata barabara, hata boza likashindwa kulifikia geti.

Oduol alishusha kioo. "Pisheni, akina mama, nina haraka."

"Shikamoo yetu iko wapi, mwanangu?" Waisiko alimuuliza.

"Shikamoo, mama. Pisheni."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Maji."

"Maji ya nani?"

Oduol alitazama geti, akatazama wanawake, akajikuna shingo. Alikuwa kijana wa pale pale, na mama yake alichota kioski kama wengine. "Ya samaki," alisema hatimaye.

Foleni ikasogea karibu zaidi na boza.

"Basi leo mimi ni samaki," Waisiko alisema, akaiweka ndoo yake chini ya mkia wa boza.

Tomaso alitokea kibarazani na kandambili, akipiga kelele jina la Oduol, akimwambia arudishe gari nyuma, akimwambia hana kazi, akimwambia mlinzi alete fimbo. Mlinzi alikuwa amesimama na dumu la mke wake mkononi. Rose akainuka kutoka kwenye dumu lake, mkono mmoja kiunoni, akatembea hadi nyuma ya boza, akauvuta mpira wa kutolea maji, akauingiza kwenye ndoo ya Waisiko. Kisha akamtazama dereva.

Oduol akazima injini, akashuka, akazunguka nyuma, akafungua koki.